Programu ya bure, kazi ya kulipwa: somo kutoka maktaba za Horowhenua

Wengi wetu tuliosoma theolojia hapa mashariki tunaikumbuka droo ya fishi. Ukitaka kitabu juu ya Waraka kwa Warumi, ulivuta droo ya mbao, ukapekua fishi moja moja, ukaandika namba kwenye kipande cha karatasi, kisha ukampa mtunza maktaba. Katika shule tuliyosoma sisi, siku moja ilikuja kompyuta yenye programu ya kutunza vitabu. Fundi mmoja kijana aliileta, akaingiza vitabu mia kadhaa, akatufundisha kwa siku mbili. Baada ya mwaka mmoja programu ilianza kudai namba ya siri ili iendelee kufanya kazi. Fundi alikuwa amehamia mji mwingine, na wenye programu walitaka malipo ambayo shule haikuwa nayo. Kazi yote ya kuingiza vitabu ikabaki imefungiwa ndani ya mashine. Tulirudi kwenye fishi, na ilikuwa heri kwamba hakuna aliyekuwa amezichoma.

Tunalikumbuka jambo hilo kila mara kamati ya shule au ya hospitali inapokaa kuamua juu ya programu. Kwa kawaida mmoja husema, «Tununue iliyo nzuri.» Mwingine hujibu, «Kwa nini tununue? Kwenye intaneti ziko za bure.» Kutoka hapo mazungumzo yote yanakuwa juu ya bei. Ndugu wasomaji, bei si swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: nani ataweza kuitunza kesho, yule aliyeileta akiwa hayupo? Kuna kisa cha kweli kinacholifundisha jambo hili vizuri. Kilitokea mbali nasi, huko New Zealand, lakini matunda yake yamefika hata Afrika.

Maktaba ndogo na tarehe ya kuogopesha

Horowhenua ni wilaya ndogo katika kisiwa cha kaskazini cha New Zealand, upande wa juu wa mji mkuu Wellington. Watu wake walikuwa wapata 30,000. Maktaba zake, katika miji midogo kama Levin, Foxton na Shannon, zilisimamiwa na shirika moja lililoitwa Horowhenua Library Trust, na mkuu wa maktaba hizo alikuwa mama Rosalie Blake.

Mwaka 1999 walikuwa na shida. Programu yao ilikuwa ya zamani, na kama programu nyingi za wakati ule, isingeweza kuvuka salama kuingia mwaka 2000. Sababu yake ni rahisi kueleza. Ili kuokoa nafasi katika mashine, watengenezaji wa zamani waliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Baada ya 99 hufuata 00, na mashine ingeweza kudhani kwamba tumerudi 1900. Kitabu kilichopaswa kurudishwa Januari 2000 kingeonekana kimechelewa karibu miaka mia moja.

Programu mpya zilizouzwa tayari zilikuwa za bei kubwa. Tena maktaba zao zilikuwa mbalimbali, zikiunganishwa na simu za waya zenye mwendo wa polepole. Ndipo mama Blake na wenzake wakazungumza na Katipo Communications, kampuni ndogo ya ushauri na utengenezaji wa programu iliyokuwa Wellington. Katipo haikuwa na programu ya maktaba ya kuuza. Ilitoa wazo lingine: tujenge mpya, kwa vifaa ambavyo tayari viko huru kutumiwa na kila mtu, na tuijenge iweze kupita hata kwenye simu hizo za polepole. Chris Cormack alikuwa mmoja wa walioiandika. Kazi ilichukua miezi michache tu, na tarehe 3 Januari 2000 maktaba zilifungua milango zikitumia programu mpya.

Waliiita Koha. Katika lugha ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, koha ni zawadi. Lakini si zawadi ya namna yoyote. Wageni wanapofika kwenye uwanja wa mkutano wa ukoo, huleta koha kwa wenyeji wao. Si bei ya chakula watakachokula, wala si sadaka ya kumhurumia maskini. Ni kitu kinachofunga uhusiano, na kwa wakati wake mwenyeji naye atakuwa mgeni mahali pengine, naye ataleta yake. Sisi tunaokwenda kilioni au arusini na kilo ya sukari au bahasha mkononi hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Kwa nini kampuni ndogo itoe kazi yake?

Mwaka huo huo wa 2000, maktaba na kampuni walikubaliana kuitoa Koha kwa dunia nzima chini ya leseni inayoitwa GPL. Hapa ndipo watu wengi hupotea njia, basi tueleze polepole.

Kila programu imeandikwa na mtu, mstari kwa mstari, kwa lugha ya kompyuta. Ukinunua programu ya kawaida, hupewi maandishi hayo. Unapewa kitu kilichokwisha kupikwa. Ni kama kuuziwa sahani ya sombe bila kuelezwa ilivyopikwa. Ikiwa chumvi imezidi, huna la kufanya ila kumngoja mpishi. Programu huru inakuja na maelezo yote ya upishi. Unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma ujue inavyofanya kazi, kuibadilisha ikufae, na kuwagawia wengine. Leseni ya GPL inaongeza sharti moja: ukiibadilisha kisha ukampa mwingine, umpe na maelezo ya mabadiliko yako, naye awe na uhuru ule ule uliopewa wewe. Yaani uliyepokea mlango ukiwa wazi usiufunge nyuma yako.

Maktaba ilikuwa na sababu nzuri ya kupenda jambo hilo. Kampuni ya watu wachache inaweza kufungwa, na fundi anaweza kuondoka. Kama maandishi ya programu yangekuwa siri ya Katipo, siku Katipo ikiondoka maktaba ingerudi pale pale ilipokuwa 1999, na programu isiyo na wa kuitengeneza. Maandishi yakiwa wazi, fundi mwingine yeyote mwenye ujuzi anaweza kuichukua kazi.

Na kampuni? Wengine watasema ilitupa mali yake. Sivyo. Katipo haikuishi kwa kuuza sanduku la programu. Iliishi kwa kazi ya mikono na akili: kuiweka programu kwenye mashine, kuhamisha orodha ya vitabu kutoka programu ya zamani, kufundisha watumishi, kurekebisha makosa, kuandika sehemu mpya ambazo maktaba fulani imeziomba. Kazi hizo zililipwa, kwa sababu hazifanyiki zenyewe. Kilichokuwa bure ni kitu chenyewe, si jasho. Mtume Paulo alipokuwa Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Mahema yaliuzwa, Injili haikuuzwa. Sisi wachungaji tunalijua fungu hilo vizuri, ila tunasahau kwamba hata fundi wa kompyuta anahitaji kuuza mahema yake.

Zawadi inavyozunguka

Mara Koha ilipotolewa, ilianza kutembea. Marekani, katika jimbo la Ohio, maktaba ya umma ya Nelsonville katika wilaya ya Athens iliipenda, lakini iliona pengo. Koha ya kwanza haikutumia MARC, utaratibu ambao maktaba nyingi kubwa za dunia huutumia kuandika habari za vitabu ili kompyuta ya maktaba moja isome orodha ya nyingine. Utaratibu huo ulianzishwa katika miaka ya 1960 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, chini ya uongozi wa Henriette Avram. Watu wa Nelsonville hawakulalamika tu kwamba kitu cha bure hakijakamilika. Walitoa fedha ili sehemu hiyo iandikwe. Ilipokwisha, ilikuwa ya wote, hata ya Horowhenua ambao hawakuilipia.

Ufaransa, fundi mmoja aitwaye Paul Poulain aliingia kazini mapema, akawa mmoja wa walioongoza matoleo ya Koha, na mwaka 2007 alikuwa miongoni mwa waliofungua kampuni ndogo, BibLibre, inayozihudumia maktaba. Kazi ya Wafaransa inatugusa sisi moja kwa moja. Mtunza maktaba wa Kongo akifungua Koha leo, anaweza kuitumia yote kwa Kifaransa, lugha ya biro zetu.

Tazameni hesabu yake. Maktaba kumi zikiwa kila moja na programu yake ya siri, kila moja hulipia mahitaji yake yote kumi. Maktaba kumi zikitumia programu huru moja, na kila moja ikalipia hitaji moja tu, zote zinapata kumi. Akina mama wa likelemba wanaielewa hesabu hiyo kuliko wahandisi. Wanajua pia kinachoiua: mtu anayepokea zamu yake kisha haonekani tena.

Kuna utaratibu unaolinda kazi isiharibike. Mtu akiandika rekebisho, haliingii moja kwa moja. Kwanza mtu mwingine hulijaribu na kutia sahihi kwamba linafanya kazi. Kisha wale wanaoangalia ubora hulipitia. Mwisho msimamizi wa toleo, anayechaguliwa na jumuiya kwa muda maalumu, ndiye huliingiza. Ni kama hesabu za kanisa: mtunza hazina hatii sahihi peke yake kwenye risiti zake mwenyewe. Toleo jipya hutoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na tangu 2016 kila toleo hubeba namba ya mwaka na mwezi wake.

Watu hao hukutana pia ana kwa ana. Mkutano wao wa kwanza wa kimataifa ulikuwa Paris mwaka 2006. Mwaka 2010 walirudi Wellington, kazi ilikoanzia. Mwaka 2015 walikuja Afrika, mjini Ibadan, Nigeria. Huko Nigeria, na pia kwa majirani zetu wa Kenya, viko vyuo ambavyo maktaba zao zinaitumia.

Siku jina lilipogombaniwa

Tungeishia hapa, mngedhani habari hii ni njia iliyonyooka. Haikuwa hivyo.

Mwaka 2007 Katipo iliuza sehemu ya kazi yake ya Koha kwa kampuni ya Marekani iitwayo LibLime. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa amefanya kazi na Koha katika maktaba ile ya Athens. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Lakini mwaka 2009 LibLime ilitangaza toleo la wateja wake yenyewe, na mabadiliko yake hayakuwafikia wengine kama zamani. Mtu atauliza: je, GPL haikatazi? Leseni inamdai anayemgawia mwingine programu. Kampuni ikiiweka programu kwenye mashine yake, na mteja akaitumia kwa kupitia intaneti tu, kwa sheria programu haijatoka mkononi mwa kampuni. Mlango haukufungwa kwa funguo, ila ulirudishwa.

Zaidi ya hayo, anwani ya intaneti ambayo watu wote waliitumia ilikuwa mikononi mwa kampuni hiyo. Ilipoonekana hivyo, watumiaji na mafundi wa nchi mbalimbali hawakuingia vitani. Walifungua anwani mpya, wakachukua maandishi ya programu ambayo leseni iliwapa haki ya kuyachukua, wakaendelea. Kisha wakaamua mali ya pamoja itunzwe na nani. Hawakuchagua kampuni kubwa. Walichagua Horowhenua Library Trust, maktaba ile ndogo ya mwanzo.

Mwaka 2010 LibLime ilinunuliwa na kampuni nyingine ya Marekani, PTFS. Wakati huo ombi lilikuwa limepelekwa kwenye ofisi ya serikali ya New Zealand ili jina Koha liandikishwe kuwa alama ya biashara ya kampuni. Mwaka 2011 ombi lilipita hatua ya kwanza, na habari zikawashtua wengi. Kampuni ilisema iko tayari kulikabidhi jina hilo kwa shirika lisilo la faida. Hata hivyo watu wa Horowhenua waliona kwamba neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, walilolitoa wao, halipaswi kuandikwa kwa jina la mwingine. Hawakuwa na fedha za mawakili. Waliomba msaada, na michango ilitoka sehemu nyingi za dunia. Catalyst, kampuni nyingine ya Wellington ambako Chris Cormack alikuwa akifanya kazi wakati huo, ilisimama pamoja nao kupinga. Mwishowe ombi lile lilikataliwa.

Somo lake ni la vitendo. Leseni ililinda maandishi ya programu, lakini haikulinda jina, wala anwani, wala namba za siri. Vitu hivyo vilihitaji watu wanaoaminika na uamuzi ulioandikwa. Sisi tulioona viwanja vya parokia vikiandikishwa kwa jina la mtu mmoja, kisha watoto wake wakaja kuvidai, hatuwezi kushangaa.

Maswali kwa kamati zetu

Hatusemi kila shule ya Biblia iweke Koha kesho. Koha inahitaji kompyuta inayotumika kama mama wa nyingine, mfumo wa Linux, umeme wa kutegemewa au sahani za jua zenye betri nzuri, na mtu aliyejifunza kuitunza. Haihitaji intaneti kila siku. Inaweza kufanya kazi kwa waya ndani ya jengo moja. Lakini shule yenye vitabu mia tano na mtunza mmoja inaweza kuhudumiwa vizuri na daftari lililotunzwa kwa uaminifu. Vitabu vikifika maelfu, na wanafunzi wakitoka vituo mbalimbali, hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Wala tusidhani programu huru ni jambo geni kwetu. Wauguzi wa vituo vya afya vya makanisa yetu wanajua DHIS2, ambamo ripoti za kila mwezi za afya huingizwa. Nayo ni programu huru, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, pamoja na washirika wa nchi nyingi. Tayari tunakula kwenye sahani hiyo.

Basi kabla ya kukubali programu yoyote, ya kununua au ya bure, kamati iulize mambo haya.

Kwanza, tukitaka kuhama, je, tunaweza kuondoka na orodha zetu zote katika namna ambayo programu nyingine itaisoma? Shule yetu haikuliuliza swali hilo, na ndiyo sababu tulirudi kwenye droo.

Pili, ni watu wangapi wanaojua kuitunza? Jibu likiwa mmoja, bado hatujapata jibu. Wawe angalau wawili, na maelezo yaandikwe kwenye karatasi, kwa sababu vita na safari hututawanya bila kututangazia.

Tatu, namba za siri, anwani na kontra viko kwa jina la nani? Viwe kwa jina la shule au kanisa, na nakala itunzwe na sekretere.

Nne, na hapa tunajisema sisi wachungaji wenyewe: je, ndani ya bajeti ya kila mwaka kuna mstari wa fundi? Mara nyingi tukisikia neno bure tunafuta mstari huo. Tunamwita kijana aliyesoma informatiki, tunamwambia afanye kwa ajili ya Bwana, hata feranka za mota hatumpi. Mwaka wa pili akipata kazi kwingine tunasema vijana hawana moyo. Katipo ilitoa zawadi kubwa kwa sababu wateja wake waliilipa kazi yake. Kama Horowhenua wangetaka vyote viwili bure, pasingekuwa na Koha. Goma, Bukavu, Butembo na Bunia kuna vijana wanaoweza kuungana wanne au watano wakaanzisha kampuni ndogo ya namna hiyo. Shule moja peke yake haiwezi kuwalisha. Shule na hospitali kumi zikikubaliana zinaweza.

Tano, sisi tutarudisha nini? Si lazima iwe fedha, wala si lazima kujua kuandika programu. Mtunza maktaba anayeeleza wazi kosa aliloliona amerudisha kitu. Mwalimu anayetafsiri maneno ya skrini kwa Kiswahili amerudisha kitu. Anayeandika mwongozo wa kurasa tano kwa shule jirani amerudisha kitu.

Kwa miaka mingi tumefika kwenye uwanja wa wengine kama wageni wanaokula. Hakuna aibu kupokea, sote tumepokea. Lakini mgeni wa Wamaori haingii mikono mitupu, na kwa desturi zetu za hapa mashariki pia si vizuri. Kwa hiyo kamati yenu itakapokaa tena, na mtu akasema «hii ni ya bure», msimkatalie. Mwulizeni tu ni nani amelipwa kuitunza, na sisi tutaleta nini. Majibu yaandikwe kwenye daftari la mkutano kabla ya sala ya kufunga.